Kuanza Tunajua, Kukua Nani Atufundishe?

Mwalo wa Kibirizi huamka kabla ya mji wa Kigoma. Mitumbwi inarudi kutoka kilindini taa zikiwa zimeshazimwa, na akina mama wako ufukweni tayari na ndoo na mabeseni, wakiipima shehena kwa macho kabla haijashushwa. Baada ya muda mfupi bei ya siku imeshajulikana. Hakuna aliyeitangaza. Imetokana na idadi ya mitumbwi iliyoingia ziwani jana, umri wa mwezi, lori lililopo au lisilokuwepo barabarani, na wingu lililokaa upande wa milima ya Kongo. Mtu aliyekulia hapa huzisoma ishara hizo tangu utotoni, na akikosea analipia kosa lake siku hiyohiyo.

Mtu huyohuyo akiitwa kwenye semina ya ujasiriamali, somo la kwanza huwa ni jinsi ya kutambua fursa. La pili ni kuthubutu. Nimekaa katika kumbi za namna hiyo, nikatazama nyuso za wanawake ambao wamekuwa wakithubutu tangu walipofiwa na waume au tangu shamba lilipogawanywa, na nikasikitika kuona saa zao zinavyopotea. Hoja yangu katika makala hii ni moja. Katika ufukwe huu wa Ziwa Tanganyika, ujuzi wa kuanzisha biashara upo tele na hurithishwa kutoka mkono hadi mkono. Kilichopungua ni ujuzi wa kuikuza, na huo ndio mafunzo yetu yanaugusa kwa juujuu.

Tuanzie mbali kidogo, maana Ujiji, mji wa kale ulio jirani na Kigoma, ilikuwa shule ya biashara kabla ya shule zenyewe kufika. Wageni wanaokwenda kwenye jumba la makumbusho huonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Soko lenyewe halipewi nafasi ya kutosha katika masimulizi hayo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliikuta Ujiji ikipokea misafara kutoka pwani, na mitumbwi ikivuka kwenda ng'ambo ya ziwa. Sokoni palikuwa na samaki, mawese, na chumvi ya Uvinza ambayo ilikuwa imechemshwa na kuuzwa kwa karne nyingi kabla yao. Shanga zilizoitwa sofi zilitumika kama sarafu, na mfanyabiashara alipaswa kujua zina thamani gani leo dhidi ya nguo, dhidi ya chumvi, dhidi ya pembe. Kujua kubadilisha vipimo na thamani kichwani ndiyo iliyokuwa hesabu ya kwanza ya Ujiji.

Hesabu ya pili ilikuwa ya uaminifu. Misafara mikubwa haikuendeshwa kwa fedha taslimu. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye jina lake linatajwa kila inaposimuliwa habari ya Ujiji, alipata mtaji wake kwa mkopo wa mali kutoka kwa Taria Topan, tajiri wa Unguja mwenye asili ya Kihindi. Mali ilitoka Unguja leo, malipo yakarudi baada ya miaka. Huo ni mfumo ambao Waswahili tunauita mali kauli: chukua, uza, kisha ulete. Lakini nisipite hapa bila kusema lililo kweli. Mizani iliyopima chumvi ilipima watu pia. Maelfu waliofungwa minyororo walipitishwa Ujiji kuelekea pwani, na waliofanya hivyo walikuwa mahodari wa biashara kwa kila kipimo cha siku zile. Anayefundisha biashara katika mji huu anafundisha juu ya ardhi iliyoona ustadi mkubwa ukitumika kwa uovu mkubwa, na haifai somo lake liwe la faida peke yake.

Turudi kwenye mafunzo ya leo. Vyombo vipo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 na lina ofisi Kigoma. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa mwaka 1994, ina chuo hapa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Shuleni nako, mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeliweka somo la biashara kuwa la lazima kuanzia kidato cha kwanza. Kwa hiyo anayesema kwamba wananchi wameachwa bila mafunzo hatendi haki.

Tatizo lipo katika mpangilio. Mafunzo mengi hutolewa mlangoni mwa mkopo: siku mbili tatu za semina, karatasi ya mahudhurio, halafu fedha. Kikundi kinaundwa kwa sababu mkopo unataka kikundi. Mpango wa biashara unaandikwa steshenari na kijana mwenye kompyuta, ambaye ameshaandika ishirini kama huo na anabadilisha majina tu. Baada ya hapo hakuna anayerudi kuuliza mwezi wa kwanza umekwendaje. Biashara ya dagaa inaweza kuzaliwa na kufa ndani ya mwezi mmoja. Afisa akija baada ya robo mwaka kufuatilia marejesho, atakachokuta ni habari za msiba. Na mtaji ukishakatika, mlango ulio karibu ni wa wale wakopeshaji wa haraka ambao watu wamewapa jina linalowastahili, kausha damu.

Ni kitu gani basi ambacho kingefundishwa? Nitakaa hapa kwa kirefu.

Chukua mama anayenunua dagaa wabichi mwaloni na kuwaanika mchangani. Namba zifuatazo ni za mfano, lakini umbo lake ni la kweli. Ananunua ndoo 10 kwa shilingi 30,000 kila moja, jumla 300,000. Usafiri, vibarua wa kuanika na mifuko vinakula 40,000. Dagaa wakikauka anauza kwa 400,000. Ukimuuliza amepata nini atakwambia laki moja, kwa sababu anakumbuka alichonunulia na alichouzia. Ukimsaidia kuhesabu zile 40,000, atakubali kwamba faida ni 60,000. Mpaka hapo semina ya kawaida ingempigia makofi.

Lakini sasa muulize kuhusu mvua. Tuseme katika mizunguko minne, mmoja huloweshwa. Dagaa wanabadilika rangi, wanavunjika, wanauzwa kama chakula cha kuku kwa 150,000 badala ya 400,000. Mizunguko minne ingempa 240,000. Mvua moja imeondoa 250,000. Kwa hesabu ya mwezi mzima mama huyu, aliyefanya kazi tangu alfajiri na ambaye kila mtu mtaani anamwona ana biashara, amepoteza 10,000, na bado hatujaweka chakula cha nyumbani alichokichota humohumo wala deni la jirani ambalo halijalipwa. Haoni hasara hiyo kwa sababu anahesabu mzunguko mmoja mmoja, na mvua anaiweka upande wa mitihani ya Mungu. Kwetu tunasema amekula mtaji. Hakuutafuna kwa anasa. Umeliwa na kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Akiliona hilo kwenye daftari, mambo mawili yanageuka. La kwanza ni kwamba kichanja cha kuanikia, kile cha miti na wavu kilichoinuliwa juu ya mchanga, pamoja na turubai la kufunikia, si gharama tena. Ni dawa ya ile 250,000. Dagaa wa kichanjani hukauka upesi zaidi, hawana mchanga, na mnunuzi wa mjini huwalipia zaidi. Elimu ya vichanja imehubiriwa ziwani kwa miaka, hivi karibuni pia kupitia mradi wa FAO uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Kikwazo kilichobaki ni hesabu, maana anayeamini kwamba anapata laki moja kila mzunguko haoni sababu ya kutoa fedha kujenga vichanja. La pili ni kwamba anaanza kujua ni ndoo ngapi anunue kulingana na wingu. Macho ya kulisoma wingu anayo siku zote. Alichokosa ni kuliunganisha wingu na mfuko.

Nikisema daftari simaanishi vitabu vya uhasibu. Katika Jamhuri ya Dominika watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo, wengine wakafundishwa uhasibu wa kawaida, wengine wakapewa kanuni chache rahisi za kushika kichwani, kubwa ikiwa ni kutenga fedha za biashara na za nyumbani katika mifuko tofauti. Waliopewa kanuni rahisi ndio waliobadilisha mwenendo na kunufaika zaidi. Huko Lomé, Togo, utafiti wa biashara ndogo 1,500 uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science ulilinganisha mafunzo ya kawaida ya biashara na mafunzo yanayojenga tabia ya mtu kutangulia mambo: kutazama mbele, kutafuta njia mpya kabla ya kulazimishwa, kung'ang'ana baada ya kukwama. Faida za waliopata mafunzo ya pili ziliongezeka kwa asilimia 30, na za wale wa kwanza hazikuonyesha ongezeko la kutegemewa.

Nyumbani tunao utafiti wetu pia, na huo unauma. Watafiti kutoka Norway walifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwafundisha wateja wa taasisi ya mikopo midogo jijini Dar es Salaam. Wanaume waliofundishwa waliona faida zao zikipanda. Wanawake walijifunza, lakini faida zao hazikusogea. Mimi naamini sababu iko nje ya darasa. Mwanamke akiuza vizuri, ada ya shule, dawa ya mama mkwe na sukari ya asubuhi huhamia kwake. Mume hupunguza mkono. Biashara inakuwa ghala la nyumba nzima, na hakuna kanuni ya uhasibu inayoweza kumfundisha mke kukataa mbele ya mtoto anayelia. Ndiyo maana kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kina nguvu katika ufukwe huu kuliko semina. Hisa aliyoiweka kikobani haiko mkononi mwake, basi haiombeki. Ana la kumjibu shemeji: fedha ziko kwa wenzangu, mpaka siku ya kuvunja. Mafunzo yanayomwita mwanamke peke yake, yasimwite mume wake hata jioni moja, yanamwachia nusu ya kazi.

Mawese yana somo la aina nyingine. Mchikichi umeotea Kigoma kwa vizazi, na kila nyumba kati ya Ujiji na vijiji vya kaskazini inajua kuchemsha chikichi, kutwanga, kukamua. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni ya kulifufua zao hili, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha miche ya Tenera. Tofauti yake na Dura ya kienyeji inaeleweka hata kwa kisu: Dura ina ganda nene na nyama kidogo, Tenera ina ganda jembamba na nyama nyingi, na mawese hutoka katika nyama. Miche ni jambo jema. Lakini nani anafundisha kitakachofuata mafuta yatakapokuwa mengi?

Hivi sasa mawese ya Kigoma huondoka mkoani katika madumu ya lita 20 yasiyo na jina. Msimu wa mavuno bei huanguka kwa sababu wote wanauza pamoja, kisha hupanda pale wengi wanapokuwa hawana cha kuuza. Kuhifadhi mafuta yasichache ni ujuzi: matunda yasilazwe siku nyingi kabla ya kuchemshwa, maji yaondoke yote, chombo kiwe safi na kikavu. Kuzitumia mise, zile mbegu za ndani ambazo wengine huzitupa, ni ujuzi mwingine, na humo mna mafuta yanayofaa sabuni na ya nywele. Kutengeneza mche wa sabuni unaofanana leo na wiki ijayo, kwa uzito uleule na povu lilelile, ni ujuzi wa tatu, na huo ndio unaomtenganisha anayeuza kwa majirani na anayeuza dukani. Nembo ya TBS, shirika la viwango, inapatikana kwa mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO kwa barua ya utambulisho. Bado sijaona kikundi kilichosindikizwa hatua kwa hatua, kutoka dumu lisilo na jina hadi chupa yenye nembo, kwa subira inayotakiwa. Safari hiyo ni ya miaka. Semina ni ya siku mbili.

Kwamba inawezekana, hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi, kwenye milima iliyo juu ya hifadhi ya Gombe, kwa miaka mingi waliuza kahawa yao kama kahawa yoyote ile. Taasisi ya Jane Goodall, iliyoanzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya Kigoma mwaka 1994, ilisaidia kuwaunganisha na mnunuzi wa Marekani, na katikati ya miaka ya 2000 kahawa hiyo ikauzwa huko kwa jina la Gombe. Wakulima walikuwa walewale na udongo uleule. Lililoongezeka ni kujua mnunuzi anataka nini: kuchuma punje nyekundu tu, kuosha, kukausha kwa uangalifu, kupanga kwa daraja. Kuna mtu aliyekaa nao msimu baada ya msimu, na hilo ndilo ninalolidai kwa mawese na dagaa.

Uanagenzi wetu wa jadi unajua kukaa. Tazama mafundi wa boti za mbao kando ya ziwa. Kijana anaanza kwa kushika ubao, anafika kwenye kuziba nyufa, na miaka ikipita anaachiwa kuweka mkuku. Hakuna chuo kinachoweza kumpa mikono hiyo. Lakini fundi humrithisha mwanafunzi wake na upungufu pia: kukadiria bei kwa macho. Wanakubaliana na mteja leo, mbao na misumari vinapanda kabla ya boti kushushwa majini, na tofauti inatoka mfukoni mwa fundi. VETA ina utaratibu wa kumtambua na kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazini. Ningependa cheti hicho kiambatane na somo moja: kuandika makadirio, kudai malipo ya awali ya vifaa, kuweka tarehe ambayo bei inaisha muda wake. Kurasa mbili zinatosha.

Upande wa pili wa maji kuna soko ambalo semina nyingi hulisahau kabisa. Kalemie, Uvira, Bujumbura: boti huenda huko na kurudi, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zinazotambuliwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia badala ya mlolongo wa mawakala. Akina mama wangapi wa mwalo wa Katonga wameambiwa hivyo na mtu aliyewaonyesha fomu yenyewe? Na Kifaransa cha sokoni, maneno mia mbili ya bei, uzito, deni na tarehe, kingemfaa kijana wa Ujiji zaidi ya sura nzima ya nadharia za masoko. Babu zake walijua kupatanisha sofi na chumvi. Yeye ana shilingi, faranga mbili tofauti, na dola juu yake.

Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilitoa mtihani. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Naliunga mkono jambo hilo, maana bila samaki hakuna biashara ya kufundishana. Lakini miezi mitatu bila mwalo ni jaribio la ujuzi wote niliotaja: nani alijua nyumba yake inakula kiasi gani kwa mwezi, nani alikuwa na dagaa waliokaushwa vizuri kiasi cha kuwekwa ghalani, nani alikuwa na kazi ya pili. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, kwa ajili ya sikukuu na ada za Januari. Kikundi cha wachuuzi wa samaki kinachojua mapema kwamba ziwa litafungwa katikati ya Mei kingeweza kuanza mwaka wake mwezi huo na kugawana wiki ya kwanza ya Mei. Ni badiliko la tarehe tu, lakini kulifikia kunataka mtu wa kukaa na wanachama jioni mbili na kalenda.

Na wakati wa kukaa nao upo, tena ziwa limeshaupanga. Kila mwezi mbalamwezi inapopamba, taa za wavuvi hazivuti dagaa, na mitumbwi hubaki ufukweni. Nyavu hutandazwa na kushonwa, mitumbwi hugeuzwa na kuzibwa, akina mama hudaiana na kulipana. Siku hizo mwaloni kuna watu wengi na kazi kidogo, na madaftari, kwa wenye nayo, yako mikononi. Ratiba za mafunzo hupangwa kwa robo za mwaka wa serikali, na mwalimu hufika katika siku za giza la mwezi, wakati kila mwanafunzi wake yuko kazini au amelala baada ya kazi. Ningeanza kwa kumpa mwalimu huyo kalenda ya mwezi, kiti cha plastiki chini ya mwembe wa Kibirizi, na agizo la kurudi hapohapo kila mbalamwezi kwa mwaka mzima, akiwauliza watu walewale swali moja: mvua ya mwezi uliopita ilikula kiasi gani?